Ushanga wa Kijani

"Nirudishie, dada Safina," alisema Shadia. "Utaukata."

Safina hakurudisha kitu. Aliushika ule mkufu wa shanga kwa mikono miwili, akaugeuza nyuma, akaugeuza mbele, kama mtu anayekagua kuku wa kununua. Mistari ilikuwa ile ile, nyekundu, nyeupe na nyeusi, ikipanda na kushuka kuzunguka shingo. Na upande wa kushoto, chini kidogo ya mfupa wa bega, katikati ya mstari mweusi, ulikaa ushanga wa kijani. Mmoja tu. Mahali pale pale.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimeshona."

"Najua umeshona, macho ninayo. Nauliza umeitoa wapi."

Meza zao zilikuwa zinagusana, nje ya maduka ya vitenge ya soko la Kasulu. Tangu Shadia akodi ile meza, mwaka juzi, wawili hawa walikuwa wanakula ugali sahani moja na kuazimana sindano, na Safina akienda kuswali, Shadia ndiye aliyemwuzia bangili zake. Ndiyo maana Safina aliumia. Angekuwa mtu wa mbali, angemporomoshea maneno yake akaenda zake. Lakini huyu aliyemwita dada kila asubuhi, huyu aliyekaa hapo ubavuni akichambua hereni zake kwa upole, kumbe macho yalikuwa yanafanya kazi nyingine.

"Soko zima linajua kwamba jicho ni langu," Safina alisema, na sauti ilishapanda. Jicho ndilo jina ambalo wateja walikuwa wameupa mkufu ule, kwa sababu ya ule ushanga wa kijani uliokuwa unakutazama kutoka kwenye weusi. "Wanakuja wanaomba jicho la Safina. Hawaombi jicho la Shadia."

Shadia alimtazama kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Dada, mimi nilidhani ni mtindo tu. Kama misuko. Mtu akisuka twende kilioni, kuna anayesema hiyo ni yangu? Halafu nauliza tu, usikasirike. Wewe mwenyewe uliitoa wapi?"

Wanawake wa meza za jirani walikuwa wameshasimama, mmoja ana mizani mkononi, mwingine ana mtoto mgongoni, wote wametega masikio bila hata aibu ya kujifanya wana shughuli. Bahati nzuri, au mbaya, Mama Vestina alifika. Mama Vestina aliuza dagaa na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa soko, na sauti yake ilizoea kukata ugomvi kama anavyokata kamba ya gunia.

"Acheni kutuaibisha. Ijumaa tunakaa kwangu. Mama Zuhra wa Kibondo si anakuja Ijumaa kuchagua wa kumshonea? Basi siku hiyo hiyo tutajua. Mwenye dizaini ndiye atakayeshona."

Hapo moyo wa Safina ulifanya paa. Zuhra alikuwa binti wa Isihaka, mwenye duka kubwa la vitambaa Kibondo. Aliuona ule mkufu shingoni kwa nesi mmoja wa Murungu, akaapa kwamba harusi yake haitafungwa mpaka yeye na wasindikizaji wake wote wawe wamevaa jicho. Mawifi walikuwa wanatoka Tanga. Kwa mtu ambaye miaka yote ameuza bangili mojamoja kwa wanafunzi na wapita njia, hiyo haikuwa kazi tu, ilikuwa jina. Watu wangeuliza, huyu aliyeshona hivi ni nani, na wangejibiwa: Safina wa Kasulu. Alikuwa ameshaisikia hiyo sentensi kichwani mara nyingi, akiosha vyombo, akianua nguo, na kila mara ilimfurahisha upya.

Aliuweka mkufu wa Shadia mezani. Kabla hajaachia aliona kitu, akajipa moyo kidogo. Kwa nyuma, pale unapopinda kuzunguka shingo, mkufu wa Shadia ulikuwa umekunjika na kunyanyuka. Kuona ni kuona, alijisemea, na kushona ni kushona.

*

Tatizo lilikuwa kwamba Safina alijua vizuri sana alikoitoa.

Masika yaliyopita mvua ilimfungia mwanamke mmoja kwenye kibaraza cha maduka, ubavuni mwa meza yake. Aliitwa Laurentine, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Alikuwa anajitolea na watu wa afya, akiwasindikiza wagonjwa wanaoletwa hospitali nje ya kambi, kwa hiyo alikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka, na kazi ikiisha mapema alipita sokoni kutembeza macho. Walifahamiana hivyohivyo, kwa salamu na kwa majina ya watoto: Mama Saady na Mama Arielle. Siku hiyo shingoni alivaa mkufu mpana wa shanga, na kifungo chake kilikuwa kimevunjika. Ameufunga kwa pini ya nepi.

"Niachie," Safina alimwambia. "Koleo ninayo. Kesho upitie."

Kifungo kilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Laurentine alipokimbilia gari la hospitali mvua iliendelea, wateja hakuna, Shadia hakuja siku hiyo, na mkufu uko mapajani. Kwanza aliutazama tu. Halafu akaufumua kidogo kwa nyuma, aone ulivyopinda bila kukunjika, maana kila alipojaribu yeye mkufu mpana wa namna hiyo ulikuwa unanyanyuka nyuma ya shingo kama kola ya shati la mtumba. Akaona. Kila mstari ukifika nyuma uliacha ushanga mmoja upande wa ndani, kisha uzi ukarudi ulikotoka na kuukaza. Kitu kidogo hivyo! Alicheka peke yake. Aliushona tena kama ulivyokuwa, akautia kifungo, na mvua ilipokatika alikuwa ameshaanza wa kwake, ushanga kwa ushanga, hata ule wa kijani uliojificha upande wa kushoto. Aliyeuweka pale, alifikiri, ana sababu yake.

Kesho yake Laurentine alipita, akavaa mkufu wake, akaugusa kwa nyuma, akafurahi. Alimwombea Safina baraka kwa Mungu, yeye na watoto wake na kazi ya mikono yake. Safina akaitikia amina.

Hiyo amina ndiyo iliyokuwa inamkwama kooni sasa.

Aliiba? Alijiuliza akiwa anachekecha unga. Laurentine hakupungukiwa hata ushanga mmoja, mkufu wake anao. Kutazama kitu si kuiba. Basi na Shadia hakuiba, maana naye alitazama tu. Hapana, Shadia ameiba, maana anajua mimi nakula kwa kazi hii. Na Laurentine je, anakula kwa nini? Kila alipojitoa hatiani alimkuta Shadia naye ametoka, na kila alipomrudisha Shadia ndani alijikuta amesimama ubavuni pake. Kichwa kilimzunguka mpaka ugali ukashika chini.

Ndipo akakumbuka ng'ombe wa babu yake. Kwao Muyama, zamani, mtu aligabirwa ng'ombe, yaani alipewa na mwenye mifugo akamfuge. Maziwa alikunywa yeye na watoto wake, bila kuulizwa. Lakini ng'ombe akizaa, ndama jike alirudishwa kwa aliyetoa, na urafiki ukaendelea, na hakuna aliyemwita mwenzake mwizi. Babu yake alimrudisha ndama kwa kumvisha kamba mpya, akicheka njia nzima.

Basi ni hivyo! Mtindo ni ng'ombe, na mikufu ni ndama. Kwa nini hakulifikiria mapema? Alichagua mkufu mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akaufunga kwenye karatasi safi, akanunua na chupa ya mawese ya Kigoma, mekundu, mazito. Alimpigia simu Laurentine, akaambiwa kesho yuko hospitali na mgonjwa. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu. Alijiona ana akili kweli.

*

Kesho yake alimwachia Shadia meza, maana hakuwa na mwingine, akamkuta Laurentine kwenye kibaraza cha nyuma cha hospitali, wanapokaa wenye wagonjwa, kati ya ndoo na vyungu na kanga zilizoanikwa. Laurentine alikuwa anamngojea mzee aliyeingizwa kupigwa picha ya kifua. Alisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Mwakeye, Mama Arielle," Safina alimsalimu kwa Kiha.

"Ego," Laurentine alijibu kwa lafudhi yake ya ng'ambo ya ziwa, akacheka mwenyewe. "Karibu, Mama Saady. Oh, na mawese! Batoto banakulaka sombe, ile munaitaka kisamvu, kavu tangu mwezi ule. Merci sana, Mungu akubariki."

Safina hakuitikia amina safari hii. Alimpa kile kifurushi cha karatasi na kumtazama akikifungua.

Laurentine aliugeuza mkufu, akatazama kwanza nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya ile kona, polepole, kama anayepapasa kovu lake mwenyewe. Akaugeuza mbele. Kidole kikatembea juu ya mstari mweusi, kikasimama.

"Hii kijani iko inafanya nini hapa?"

"Si ndipo ulipoiweka wewe?"

Laurentine alimtazama. Akautazama mkufu. Halafu kicheko kilimshika, kicheko cha kweli, mpaka akajishika ubavu na mama mmoja aliyekuwa anafua akageuka kuona kuna nini.

"Mama Saady! Nyeusi ilinimalizikia! Nilikuwa kwa mwisho kabisa, inabaki ushanga moja tu, na kambi nzima nyeusi hakuna. Nikakata bangili ya Arielle, akalia mpaka akalala. Nikaweka ile kijani pale pembeni, kusudi watu basione." Alijifuta macho. "Umefanya mikufu ngapi?"

"Mingi."

"Na yote iko na kijani?"

"Yote. Sokoni wanaiita jicho."

"Jicho," alisema Laurentine. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kosa yangu iko inatembea Kasulu muzima, na bameipa jina."

Safina aliharakisha kueleza habari ya ng'ombe. Aliieleza vibaya. Alianza na ndama, akarudi kwa babu, akasahau maziwa, akayarudia. Kichwani ilikuwa imenyooka, lakini kwenye benchi lile, mbele ya mwanamke aliyeshika mkufu kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa, ilisikika kama hadithi ya kupumbaza mtoto. Laurentine alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Iko muzuri hiyo desturi yenu," alisema. "Mais mimi sikukupa ng'ombe, Mama Saady. Mi nilikuletea kifungo."

Safina aliona aibu. Ilimpanda kutoka miguuni, moto. Na kama ilivyo kwa wengi wetu, aibu ilipofika mdomoni ikageuka ubishi.

"Na wewe ulifundishwa na nani? Ulizaliwa nayo?"

"Hapana. Hii michoro niliona kwa pindo ya kitenge. Kitenge ya Jeanne, jirani yetu pale kambini."

"Basi!" Safina alipumua. "Si yangu, si yako. Ni ya kitenge."

"Kitenge inalala tu. Haina shingo." Laurentine aliugeuza mkufu akaonyesha nyuma. "Mi nilikaa na hii kona mpaka macho ikauma. Nashona, inakunjamana. Nafumua, nashona tena. Arielle anasema, maman, acha, tutakula hiyo kona? Michoro chukua, iko ya kila mtu. Kona ni yangu. Na kosa ni yangu."

Nesi alipita na sinia ya dawa. Safina alitafuta la kusema, akalipata lile ambalo hakutaka kulipata.

"Ungetaka nifanye nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

Laurentine alifikiri kwa uaminifu, uso umekunjamana. "Siku ile, nafikiri ningekubali. Leo, sijui."

Jibu hilo Safina hakujua alishike wapi. Angeambiwa mwizi, angetukana au angeomba radhi. Angesamehewa, angelia kidogo akaondoka mwepesi. Sasa alibaki hapo katikati, hana hata pa kuweka mikono. Akamweleza kila kitu kuhusu Shadia, harusi ya Kibondo, na kikao cha Ijumaa. Akapiga moyo konde.

"Nitasimama mbele yao wote niseme: ni ya Laurentine wa Nyarugusu."

Laurentine alimshika mkono ghafla, kwa nguvu.

"Hapana! Usinitaje. Mi ninatoka na karatasi ya wagonjwa. Bakisikia Laurentine anafanyaka biashara ya shanga Kasulu, nani atasikiliza kama ni kweli ao ni bongo, uongo tu? Karatasi inakwisha. Nani atawaleta hawa bazee hospitali? Usitaje jina yangu, Mama Saady, nakuomba."

"Basi nisemeje? Niseme ni yangu?"

"Sikusema hivyo."

"Niseme ni ya nani?"

Mlango ulifunguliwa, mzee akatolewa kwenye kiti cha magurudumu, anakohoa. Laurentine alisimama. Alichukua chupa ya mawese, kwa sababu watoto wanapaswa kula. Mkufu aliuweka kwenye mapaja ya Safina, taratibu, bila hasira, na hilo la bila hasira ndilo lililomfuata Safina njia nzima mpaka sokoni.

*

Ijumaa, baada ya swala, walikaa uani kwa Mama Vestina kwenye mikeka. Mama Zuhra alikuwa amefika kutoka Kibondo na basi la asubuhi, baibui lake lina vumbi jekundu la njia mpaka magotini, na alikunywa chai kama mtu anayekunywa dawa. Mikufu miwili ilikuwa imelazwa kwenye ungo katikati ya watu, wa Shadia na wa Safina. Kwa mbali ilifanana kama mapacha.

"Mimi kushona shanga sijui," alianza Mama Vestina. "Lakini najua watu. Nitawauliza swali moja tu. Huu ushanga wa kijani umewekwa kwa nini? Aliyebuni ndiye anayejua. Shadia, wewe mdogo, anza."

Shadia alikuwa amejiandaa, ilionekana. Alijifunika vizuri mtandio wake.

"Ni jicho, mama. La kuzuia macho ya watu. Bibi harusi siku hiyo anatazamwa na wengi, na si wote wanaomtazama kwa wema. Sasa kila jicho baya likija linakutana na jicho."

"Eeeh," walisema akina mama. Lilikuwa jibu zuri, hata Safina alikiri moyoni. Mama Zuhra aliweka kikombe chini kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safina."

Alikuwa amekesha na maneno mengi, lakini sasa yote yalikuwa yamekimbia. Akisema ni yangu, anadanganya. Akisema ni ya nani, anamponza mtu. Akinyamaza, Kibondo inakwenda na Shadia, na jina linakwenda, na ile sentensi tamu ya vyombo na kamba za nguo inakwenda. Wote walimtazama. Likamtoka lile moja alilolijua kwa hakika.

"Nyeusi ziliisha," alisema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Vestina alijipiga paja.

"Mawe we! Huyu ndiye mwenyewe! Mnamsikia? Mtu akitunga uongo anatunga mzuri, unang'aa. Nani atatunga la kujiaibisha? Nyeusi ziliisha! Kesi imekwisha, mama Zuhra, mshonaji wako huyu hapa."

Makofi yakapigwa. Mama Zuhra, naye anacheka, alinyoosha mkono kumshika Safina. Shadia aliinamisha kichwa na kuchezea ncha ya mkeka, na Safina aliona shingo yake nyembamba, na aliona kwamba hakuna mkufu, amekuja bila hata uzi.

Furaha ilimpitia, kweli, asidanganye mtu. Ilikaa kwa muda ule wa mkono wa Mama Zuhra kumfikia. Kisha akaelewa kilichotokea. Amesema kweli tupu, na kweli hiyo ilipotoka mdomoni mwake imekuwa uongo. Aliwezaje? Hakuongeza neno, hakupunguza.

"Hazikuniishia mimi," alisema.

Mkono wa Mama Zuhra ulibaki hewani.

"Nini?" aliuliza Mama Vestina.

"Shanga nyeusi. Ziliisha, lakini hazikuniishia mimi."

"Zilimwishia nani?"

"Mtu."

"Mtu gani? Ana jina?"

"Analo. Siwezi kumtaja."

"Amekufundisha?"

"Hapana."

"Amekutuma?"

"Hapana. Amekataza." Safina alijisikia akizidi kuzama kwa kila jibu. "Yaani hakukataza. Alisema hajui."

Akina mama walitazamana. Mmoja alinong'ona kwamba labda ni jua. Mama Vestina alimkazia macho Safina kwa muda mrefu, akatafuta pa kukata ile kamba, hakupaona. Aliyeikata ni Mama Zuhra.

"Jamani, mimi sikutoka Kibondo kuja kusikiliza kesi ya ushanga. Harusi ni mwezi huu. Mwanangu anataka jicho, la kufukuza husda au la nyeusi kuisha, yote sawa. Mshone wote wawili, mgawane. Na mtu yeyote akiniuliza nani kashona, nitasema wanawake wa Kasulu."

Akamimina chai nyingine. Shauri likafia hapo, bila kuamuliwa, na watu wakaanza kuzungumzia bei ya maharage. Wanawake wa Kasulu, Safina alirudia moyoni. Haikuwa na utamu wowote.

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya soko. Waliunganisha meza zao wakatandika kanga moja juu yake, wakapanga vifuniko vya makopo: chekundu, cheupe, cheusi, na kidogo cha kijani. Nyeusi zilikuwa zimejaa. Safina alinunua nyingi makusudi, akirudi kutoka uani kwa Mama Vestina, bila kujua anazinunua kumkomesha nani.

Walishona mpaka ukungu ukaondoka.

"Dada," alisema Shadia mwishoni, "ulikuwa umeshashinda. Kwa nini ulisema vile?"

"Sijui."

"Ni kweli yupo huyo mtu?"

"Yupo."

Shadia alishona kidogo tena. Alifika nyuma, pa kupinda. Safina, kwa jicho la pembeni, aliuona mkufu ukianza kunyanyuka na kujikunja, na akaona Shadia akifumua, akishona, akifumua, midomo imebana. Sindano ikamchoma, akanyonya kidole. Halafu akaiweka chini.

"Nifundishe hii kona," alisema. "Siku ile ulipokwenda hospitali uliniachia meza yako. Nilichukua mmoja wa kwako, nikashika na mkasi, nikasema nafumua kidogo tu kwa nyuma nione, halafu naushona, hutajua." Alitazama chini. "Nikaogopa. Nikaona bora nikuulize. Kama hutaki, sema tu, dada, sitakasirika."

Safina hakuweza kumtazama. Alihisi machozi, na hakujua ni ya nini hasa. Lilikuwa jambo dogo. Ushanga mmoja unaachwa upande wa ndani, uzi unarudi ulikotoka. Angemwonyesha mara moja tu, akaelewa, na mikufu ya Zuhra ingekaa vizuri shingoni mwa wote. Neno ndiyo lilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Akalikuta halitoki, kwa sababu halikuwa lake la kutoa. Na hapana, nayo haikuwa yake.

"Ngoja," alisema.

Alitafuta simu chini ya kanga, akatafuta jina, Mama Arielle, akakaa akilitazama. Shadia alimtazama yeye. Kisha Safina alibonyeza, akafungua spika, akailaza simu katikati yao, juu ya kile kifuniko cha shanga nyeusi, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

Ikaanza kuita. Ilikuwa simu ya kichina yenye sauti ya kutikisa meza, na kila ilipoita shanga zilitetemeka kwenye vifuniko, nyeusi zikigusana na kuruka pembeni, na chache za kijani zikavuka ukingo zikaingia kati yake. Hakuna aliyezitenga. Shadia alikuwa ameinua sindano yake tena, uzi tayari, akisubiri kuambiwa. Simu iliita.